Chupa Iliyokuja Kavu

Chupa ya mkwe wake ilipofika Jumamosi ile, fundi Pumzi aliinyanyua mbele ya dirisha la gereji akaitazama kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama nyingine zote. Ilikuwa chupa ya jamu, ya kioo, yenye mfuniko wa bati. Ndani hamkuwa na kitu. Si tone, si utelezi. Hata ule ukungu wa kahawia unaobaki kwenye kioo baada ya oili kumwagwa haukuwepo.

"Kavu," alisema mkwe, na furaha ilimshinda kuificha.

Vijana waliokuwa wameegemea magari yao uani walipiga makofi. Yule waliyemwita Redio, kwa sababu tangu wamjue hajawahi kuzimika, aliichukua chupa, akaipindua juu ya kiganja na kuitikisa kama mtu anayedai tone la mwisho la manukato.

"Hii injini imeokoka, jamani," alisema. "Haivuti, hainywi, haitemi hata mate."

Walicheka wote, na Pumzi akacheka pamoja nao. Kisha akaiweka chupa mwanzoni mwa rafu, mahali pa heshima, na mkono wake ukachelewa kuiachia. Injini ile aliijenga yeye mwenyewe, pistoni kwa pistoni, na alijua inatakiwa kutema kiasi gani. Injini ya namna ile isipotema kitu ni kama mtoto mchanga aliyezaliwa asilie. Wanaosubiri nje ya mlango wanaweza kudhani ni utulivu.

Jina la Pumzi alipewa na wateja, kwa sababu swali lake la kwanza kwa kila gari lililoingia uani lilikuwa moja: inapumua? Wengine walidhani ni utani wa fundi. Haukuwa utani. Ujana wake aliumaliza katika karakana ya mabasi, na huko aliwahi kumwona dereva aliyechoshwa na oili iliyokuwa ikidondoka kutoka kwenye bomba la kupumulia. Dereva yule akalichongea bomba kizibo cha mti, akashukuru kuwa sasa injini ni safi. Haikupita wiki sili zote, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje, zilikuwa zimefumuka, na basi limelala katikati ya barabara likiwa halina oili tumboni. Pumzi alihama na somo hilo moja, akalijengea maisha.

Alilieleza kwa maneno machache. Moto unaosukuma pistoni haubaki wote juu. Sehemu yake hupenya kando ya ringi za pistoni, hata ziwe mpya namna gani, ikashuka hadi kwenye tumbo la injini, mahali oili inapokaa, ikiwa imebeba mvuke wa petroli na wa maji. Mvuke ule lazima utoke. Gari linalotoka kiwandani lina njia yake na valvu yake ndogo ya kuurudisha juu ukaungue tena, na mwenye gari huzeeka bila kujua kwamba gari lake lina pua. "Mvuke hauna adabu," alizoea kusema. "Ukiufungia mlango hautabisha hodi. Utavunja dirisha."

Magari ya vijana wa uani hayakuwa kama yalivyotoka kiwandani. Yalikuwa magari madogo ya kwendea kazini yaliyofungwa turbo kubwa, yakawa na nguvu ambazo aliyeyabuni hakuziota. Nguvu zikizidi, na mvuke huzidi. Kwa hiyo Pumzi alilitolea kila gari mpira mnene kutoka kwenye kava ya valvu, mfuniko wa juu wa injini, hadi kwenye kopo la alumini alilolichomelea mwenyewe, lenye vizuizi ndani na waya laini uliotawanywa kidogo tu ili oili inase na idondoke chini, hewa itokee juu. Bolti za mfuniko wa kopo alizipaka tone la rangi nyekundu. Atakayefungua bila yeye, rangi itakatika, naye ataona.

Na kila Jumamosi vijana walimwaga kilichonaswa, kwa koki iliyokuwa chini ya kopo, wakakileta ndani ya chupa. Pumzi alizipanga chupa kwenye rafu na kuzisoma. Nyeusi na nyingi, ringi zimechoka. Nyeupe na nzito kama krimu, hayo ni maji: gari linaendeshwa safari fupi fupi kwenye baridi, halipati joto la kuyakausha. Alichokusudia kiwe zahanati kiligeuka uwanja wa mpira. Vijana walianza kushindana nani ana chupa tupu zaidi. Mkwe wake, mwenye gari lenye nguvu kuliko yote, alikuja kila wiki na chupa iliyojaa kuliko zote, jambo ambalo kwa fundi halikuwa na ajabu. Kwa Redio lilikuwa riziki. Alimshauri mkwe afungue duka la mafuta ya taa. Alimuuliza kama anaendesha gari au anakamua alizeti. Mkwe alicheka, ila sikio lake moja lilikuwa likiwaka.

Pumzi angeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja. Hakuitamka, kwa sababu ya jambo la mwaka uliopita.

Mwaka uliopita mkwe alikuwa amejaza oili kupita kiasi, na Pumzi, bila kupima maneno, alimwambia mbele ya watu wote wa uani kwamba angalijua mapema, angalimwoza baiskeli. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mkwe alifunga boneti taratibu, akaaga kwa adabu, na kwa miezi kadhaa binti hakukanyaga kwa wazazi wake. Alirudi kwa juhudi za mama yake, na mama huyo alipomkalisha mumewe hakuinua sauti. "Mzee, boneti ya mkwe haifunguliwi mpaka aombe mwenyewe," alisema. "Ukitaka kufundisha, una wateja. Huyu ni mume wa mwanao." Pumzi aliapa. Tangu hapo nyumba zilikuwa na amani, amani ya kutembea kwa ncha za vidole.

Basi Jumamosi ile alichofanya ni kuuliza, kwa sauti ya chini, kama kuna kitu kilichobadilishwa.

"Hapana, Baba. Sijagusa kitu," alijibu mkwe. Na ilikuwa kweli.

Binti alikuwa amebaki garini. Pumzi alikwenda kumsalimu, akaona jambo la pili lisilompendeza: dirisha lilikuwa limeshushwa lote, msimu wa baridi, na huyu alikuwa mtu wa kuvaa soksi hata kitandani. Kutoka dirishani ilitoka harufu ya oili ya moto, hafifu, kama ya jiko lililosahauliwa nyumba ya pili.

"Mbona umefungua na baridi yote hii, mwanangu?"

"Napunga hewa tu, Baba." Macho yake yalipita begani kwa baba yake, yakaenda kwenye rafu. "Yetu iko ya kwanza leo?"

"Ya kwanza."

Alitabasamu, tabasamu kubwa la mtu aliyepata alichokifanyia kazi. Pumzi alilikumbuka baadaye. Saa ile alikuwa akifikiria kesho yake, kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili ya kupanda mlima. Magari yote ya uani yangepanda pamoja ile barabara ndefu ya kona, yakikimbizana, na binti angekuwa kwenye kiti cha abiria, ndani ya gari ambalo chupa yake ilikuwa kavu. Neno lilimfika mdomoni: fungua boneti. Lilikuwa neno dogo. Alimwona mkewe, aliiona miezi ile ya kiti kitupu mezani, akalimeza.

"Kesho nendeni taratibu," alisema.

Jumapili asubuhi alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. Mkewe alimtazama, akamsogezea kopo la sukari, naye akaendelea kukoroga. Mwishowe alisema anakwenda gereji kutafuta miwani. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake, na mkewe aliiona.

Gereji siku ya mapumziko ina ukimya wake, wa vyuma vilivyopoa. Alikwenda moja kwa moja mahali gari la mkwe liliposimama jana. Saruji ilikuwa na doa jipya, pana, lenye ukingo unaong'aa. Alipiga magoti. Kwa alama za magurudumu aliweza kujua doa lile lilidondoka kutoka wapi: si kwenye nati ya kumwagia oili, bali mahali injini inapokutana na giaboksi. Pale pana sili. Sili ile aliiweka yeye, mpya, si zamani. Sili mpya haivuji yenyewe. Inavuja ikisukumwa kutoka ndani.

Alimpigia binti. Simu iliita hadi ikakata. Alimpigia mkwe, haikupatikana. Alitoka na pikapu yake bila kufunga geti.

Njiani hakuhitaji kukisia; alijua. Mvuke uliofungiwa hausukumi mahali pamoja. Huizuia oili ya turbo isirudi chini, hukinyanyua kijiti cha kupimia oili kutoka kwenye tundu lake, huitafuta kila sili na kuipima nguvu. Ukiinyanyua kava ya valvu hata kwa unene wa ukucha, oili hutiririka ubavuni mwa injini, na ubavuni mwa injini ile, chini kidogo tu, kulikuwa na ekzosi ya turbo. Gari likipanda mlima kwa nguvu, chuma kile huiva kama kaa la moto. Yeye ndiye aliyechagua kukiweka pale. Palikuwa mahali sahihi, kwa injini inayopumua.

Kwenye kona za mwanzo aliona matone barabarani. Baada ya kona chache matone yalikuwa yameungana, mstari mweusi mwembamba ulionyooka katikati ya njia kama uliochorwa kwa kalamu, ukimtangulia kupanda. Aliufuata. Harufu ilimfikia kabla ya moshi. Kisha akaona magari yameegeshwa ovyo pembeni, na Redio akishuka katikati ya barabara, mkono juu, akiyasimamisha magari.

Redio aliona ni nani yuko ndani ya pikapu. Hakusema kitu. Akasogea tu pembeni ampishe, na hapo ndipo Pumzi alipoogopa kweli.

Binti alikuwa ameketi kwenye ukingo wa barabara, koti la mumewe mabegani, mzima. Alisema dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo aliuona moshi mapema, akapiga kelele wasimame. Mkwe aliketi kando yake, mikono ameitanguliza mbele, viganja vilivyoungua vikitazama juu, kama anayesubiri kumwagiwa maji. Walikuwa wametoka salama wote wawili. Halafu mkwe akarudi kufungua boneti, apate kuuzima moto pale unapowaka, na moto uliokuwa ukiishi kwa hewa kidogo ukapewa hewa yote. Vijana walimaliza mitungi yao ya kuzimia moto. Lililobaki lilikuwa na umbo la gari.

"Nimetaka kumuua mke wangu," alisema mkwe, bila kumwangalia mtu. "Nimeikanyaga sana, Baba. Nimeikanyaga mno."

Binti aliangalia chini.

Gari lilivutwa hadi gereji. Pumzi alifunga geti akaifungua injini peke yake, kama anayeosha maiti ya ndugu. Mipira ilikuwa imeyeyuka yote. Ila kule mpira ulikoanzia, kwenye kava ya valvu, palikuwa na kiwiko cha chuma, na ndani ya kiwiko kulikuwa na kitu. Alikivuta kwa koleo. Kikatoka kigumu, kizito, ukubwa wa yai la njiwa: waya laini, ule wa kusugulia sufuria, uliokunjwa na kushindiliwa kwa kidole, na katikati ya nyuzi zake krimu ya maji na oili iliyookwa na moto hadi ikawa kama jiwe. Ukiwa mpya ungepitisha hewa kwa shida. Kwa safari fupi fupi za baridi, krimu ilijaa siku baada ya siku, hadi pua ikazibwa kabisa. Ndiyo sababu chupa ilikuja kavu. Oili haikukoma kutoka. Ilikosa njia ya kufika.

Alilifuta kopo masizi kwa kitambaa. Tone jekundu lilikuwepo juu ya kila bolti, limebabuka, halijakatika.

Hapo aliketi juu ya tairi. Mkwe asingaliiheshimu rangi ile. Hakujua hata maana yake. Angalichukua spana akafungua kopo. Aliyeufungua mpira na kuliacha kopo alikuwa mtu anayeijua rangi nyekundu tangu utotoni, mtu aliyekulia nyumba ambayo hata kopo la sukari liliwahi kutiwa tone wakati sukari ilipokuwa ikipungua kwa miujiza. Mtu huyo pia alikuwa amesikia, mezani, mara nyingi, baba yake akisema kwamba waya kidogo hunasa oili kama nywele za pua zinavyonasa vumbi. Alikuwa amesikia waya. Kwamba uwe umetawanywa, na uwe ndani ya kopo, kamwe si ndani ya njia, hayo baba yake hakuyasema mezani, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Na kazi ya kumwaga kopo kila Jumamosi ilikuwa ya nani? Mkwe hakuipenda harufu ile.

Alikifunga kile kitu ndani ya leso.

Kwa binti yake alimkuta jikoni, anaosha vyombo. Kwenye kizingiti cha dirisha palikuwa na pakiti ya waya wa kusugulia, imefunguliwa. Mkwe alikuwa chumbani. Tangu atoke hospitali, alisema binti, halali, anahesabu makosa yake. Ameapa hatampakia tena mke wake kwenye gari analoliendesha yeye. Pumzi alisikiliza yote, kisha akaifungua leso kando ya sinki.

Binti aliacha bomba la maji likimwagika.

"Nilitaka ipungue tu," alisema mwishowe. "Wasimcheke. Na wewe umwone anafaa."

"Najua."

"Utamwambia?"

"Utamwambia wewe."

"Ataniacha, Baba."

Pumzi hakumdanganya. "Huenda," alisema. "Lakini yule mtu anabeba mzigo usio wake, na wewe unamtazama akibeba. Mwambie leo, mwanangu. Likikaa ndani litachagua lenyewe pa kutokea."

Alifunga bomba la maji yeye mwenyewe, akatoka, akaketi kwenye ngazi ya mbele. Nyuma yake alisikia hatua za binti zikienda chumbani, na mlango. Halafu sauti, ya chini, ya mtu mmoja. Iliendelea, ikakatika, ikaendelea. Alikuwa amekaa na injini maisha yake yote. Alijua kutofautisha mngurumo wa kufanya kazi na mngurumo unaotangulia kuvunjika. Hapa hakutambua kitu. Sauti ilikoma, na kilichofuata kilikuwa kimya kirefu sana hata akajikuta ameinama, sikio limeelekea nyumba.

Mlango wa mbele ulisukumwa kwa bega. Mkwe alisimama kizingitini, mikono imefungwa bandeji hadi vifundoni.

"Baba."

"Naam, mkwe."

"Ameniambia."

Pumzi aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameyaandaa maneno ya kumtetea binti, ameyapanga vizuri kama spana kwenye boksi. Mkwe hakumpa nafasi ya kuyatoa.

"Nina swali moja tu, na nakuuliza kwa heshima. Siku ile ulipoinyanyua chupa yangu dirishani, ukaitazama vile. Ulijua?"

Angeweza kusema kuhusu kiapo. Angeweza kusema kuhusu baiskeli, na mke wake, na kiti kitupu, na yote yangekuwa kweli.

"Nilijua haipumui," alisema. "Sikujua kwa nini."

"Ukasema twende taratibu."

"Nikasema mwende taratibu."

Mkwe alimtazama kwa utulivu, kama mtu anayesoma kipimo na kukisoma tena ili ahakikishe. Kisha akageuka, akausukuma mlango kwa bega, akaingia ndani. Mikono ile haikuweza kuufunga. Ukabaki wazi, na Pumzi akabaki kwenye ngazi akisikiliza, na kwa muda mrefu hakuna aliyekuja kuufunga wala kumwita aingie.